Shingo ya Karatasi ya 114

Jumamosi, 3 Aprili

Daftari hili nimelinunua kwa ajili ya safari, na kwa kuwa safari yenyewe ni Juni, mvua zikiisha, naanza kuandika maandalizi. Wifi yangu anasema mtu anayeandika maandalizi ni mtu asiye na kazi. Yeye ni nesi wa wodi ya wazazi, anayo haki ya kusema hivyo.

Leo tumekaa mezani kwao tangu saa nne asubuhi mpaka saa tisa: mimi, mdogo wangu na mkewe. Mdogo wangu anafundisha jiografia sekondari, na akishika kalamu nyekundu hata mkewe hunyoosha mkono kabla ya kusema. Mpango ni siku tano mlimani, kila kitu mgongoni. Tunaanzia lango la askari wa msitu na kurudi palepale bila kukanyaga njia moja mara mbili. Siku mbili za kwanza tunapanda kwa njia ya mto. Siku mbili za mwisho tunashuka kwa njia ya upande wa pili. Kasheshe ni siku ya tatu, maana njia hizo mbili hazikutani. Katikati kuna vilele viwili, na kati yake pamebonyea.

"Hapo hakuna njia," nikasema.

"Ndio utamu wenyewe, dada. Tunaiacha njia, tunakata wenyewe kwa dira kilomita sita, tunavuka Shingo, tunaibukia upande wa pili."

Ameshaipa jina. Shingo.

Niandike pia kwa nini nimekubali, mimi ninayehema kwenye ngazi za ofisini. Miaka saba iliyopita mama aliugua mwezi uleule mdogo wangu alipokuwa kwenye mitihani ya mwisho chuoni. Niliamua peke yangu asiambiwe mpaka amalize. Mama aliumwa siku thelathini na nne akafariki, mtihani mmoja ukiwa umebaki, na hata hapo nilinyamaza. Tukazika. Aliposhuka kwenye basi, jirani alimwambia pole, akauliza pole ya nini. Hakusema nami kwa miaka sita. Mwaka jana mkewe alichoka, akatualika wote wawili chakula cha mchana bila kumwambia mmoja kuhusu mwenzake.

Kwa hiyo hata angesema tunakwenda mwezini kwa miguu, ningeuliza tu nibebe nini. Nataka mdogo wangu anirudie. Hilo ndilo ninalolifuata huko mlimani, mandhari watazame wao.

Jumapili, 4 Aprili

Mvua. Nyonga zinauma kwa kukaa tu.

Jumamosi, 10 Aprili

Siku ya kupima mizigo. Wifi ameleta kutoka wodini mizani mbovu ya kupimia watoto wachanga, akaitengeneza kwa gundi, na kila kitu kimepita pale: hema, jiko la gesi, mifuko ya kulalia, hata miswaki. Begi langu lilipofika kilo kumi na nne alinipa mkono, akasema, "Hongera wifi, ni la kiume." Nimetoa taulo la pili, viatu vya pili na kitabu. Mdogo wangu akatoa thermosi yake kwa huzuni ya mtu anayeaga maiti.

Alinishika bega wakati wa kuondoka. Kidogo tu, kama mtu anayepangusa vumbi. Nimetembea mpaka nyumbani na mvua bila kufungua mwavuli.

Jumanne, 13 Aprili

Nimepanda ngazi za ofisi mara nne na begi lenye rimu tano za karatasi. Mlinzi ameuliza kama nahama.

Jumamosi, 17 Aprili

Tumefanya mazoezi ya kutembea, saa tatu nzima, mabegi mgongoni, tope mpaka magotini. Wifi alibaki nyuma akituita majina. Mdogo wangu alinifundisha kupumua kwa hatua, kisha bila kupanga akaanza kunihadithia jinsi mama alivyokuwa akitukimbiza na upawa, na mimi nilivyokuwa nikimwachia yeye mlango wazi atoroke. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Mara akaangalia saa, akasema twende.

Hayo ndiyo maisha yetu sasa. Tunatembea vizuri, mara tunafika penye jiwe.

Jumamosi, 24 Aprili

Orodha ya vyakula imekamilika. Mdogo wangu hataki tena ramani ndogo ya watalii tuliyokuwa tukiitumia, anasema inaonyesha njia na vichaka tu, haifai kwa siku ya tatu. Atanunua karatasi kubwa ya ofisini kwetu. Nikamwambia naweza kumletea. "Hapana," akasema, "nataka nipange foleni kama mwananchi." Nimejisikia vizuri. Miaka ishirini na mbili nachora ramani, na huyu ndiye ndugu wa kwanza kuitaka kazi yangu.

Jumamosi, 1 Mei

Mvua kubwa. Hatukukutana.

Jumamosi, 8 Mei

Sijui nianze wapi.

Alikuwa ameshaitandaza mezani nilipofika, pembe zake zimekandamizwa na vikombe. Karatasi ya 114. Ameshapiga mstari mwekundu wa siku ya kwanza na ya pili. Kidole chake kikafika siku ya tatu, kikapanda taratibu hadi Shingo, kikashuka upande wa pili.

"Tazama palivyo papole, dada. Hata wewe na umri wako utapita huku unapiga mluzi."

Nilikuwa naitazama saba. Tarakimu saba, kwenye kimo cha mita 2,740, pale pale penye Shingo. Ina kijistari tumboni na imelala kidogo upande wa kushoto. Saba hiyo ni yangu. Nilikuwa naiandika hivyo nikiwa mwanafunzi wa kazi, mpaka nikakatazwa. Nikaijua karatasi yote mara moja, kama unavyomjua mtu kwa kisogo.

Niandike jambo lenyewe, labda likikaa hapa litatoka kifuani. Ramani zetu huchorwa kutokana na picha zinazopigwa kutoka kwenye ndege. Sisi hukaa chini tukachora kontua, kila mstari ukiunganisha mahali penye kimo kimoja. Mistari ikibanana, ni ukali. Ikiachana, ni mteremko mpole. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilipewa 114, na katikati ya picha kulikuwa na wingu. Penye wingu huachwa peupe. Hiyo ndiyo kanuni, hata mfagizi wa chumba chetu anaijua. Lakini ilikuwa Ijumaa, karatasi ilitakiwa Jumatatu, na msimamizi wangu, tuliyemwita Mzee Kalamu, hakupenda karatasi yenye tundu.

"Unganisha," akasema.

Nikaunganisha. Mistari iliyoingia winguni kutoka kushoto nikaikutanisha na iliyotoka kulia, kwa mkono mwepesi, kila mmoja umeachana na mwenzake vizuri. Ilipendeza. Baada ya hapo nilichora karatasi nyingine sabini na mbili, nikapanda cheo, nikasahau. La, sikusahau. Niliacha kukumbuka.

Shingo haipo. Au ipo, sijui, hakuna anayejua. Nimeitunga mimi.

Na kama mkuu wa chumba cha kuchorea nimetia muhuri wangu ichapwe upya mara nne, nikikagua pambizo na rangi tu.

Mdogo wangu alikuwa akingoja niseme kitu. "Imechorwa vizuri," nikasema.

Imechorwa vizuri! Haya ndiyo maneno yaliyonitoka.

Jumapili, 9 Mei

Mvua. Sijamwambia.

Jumatatu, 10 Mei

Sijamwambia.

Jumanne, 11 Mei

Nimepiga simu lango la askari wa msitu, nikajifanya mtalii. Nikauliza kama kuna watu hupita kati ya vile vilele viwili.

"Pale kwenye genge?" askari akauliza. Sauti ya mtu anayekula.

"Genge?"

"Mama, pale ni ukuta. Wenyeji hawaendi kabisa. Wanaopenda kwenda huko ni watu wenye ramani."

Nilishika meza.

"Mwaka juzi tulimtoa mmoja kwa machela, paja limevunjika mara mbili. Tunambeba, na bado ameshika karatasi yake, anatuonyesha kwamba pale si genge." Akacheka kwa wema kabisa. "Wewe pita njia tu, mama, njia ni nzuri."

Nimekaa chooni ofisini nusu saa. Mtu mzima, mwenye paja lake, alikuwa ananiamini mimi kuliko macho yake mwenyewe. Simjui. Hajui kuwa nipo. Nimemvunja.

Jumatano, 12 Mei

Nilikwenda shuleni kwa mdogo wangu nikiwa na nia ya kumwambia. Nimeapa. Nilifika hadi chumba cha walimu. Akafurahi, akanionyesha karatasi ya mtihani wa muhula aliyoichapa asubuhi: kipande cha 114, kimekuzwa, na chini yake swali la nne, alama kumi: *Eleza umbo la ardhi katika eneo lililoonyeshwa.*

"Jibu ni nini?" nikauliza.

"Mteremko mpole, mtu yeyote anaona. Nimewapa cha bure wasilie."

Wanafunzi mia mbili na arobaini. Nikamwambia nimepita tu kumsalimia.

Jumamosi, 15 Mei

Nimefanya kichekesho mbele ya watu wawili ninaowapenda.

Nilianza na maji. Nikasema siku ya tatu hakuna maji. Mdogo wangu akaonyesha kijito (nilikichora mimi!). Nikasema upupu, akasema tutavaa mikono mirefu. Nikasema nyoka, wifi akasema nyoka wa kimo kile wanavaa sweta. Mwishowe nikasingizia goti. Kosa kubwa. Wifi aliinuka palepale, akanikalisha kwenye kochi, akalikunja, akalinyoosha, akaligonga na kijiko.

"Goti hili ni zima kuliko mwenyewe," akasema, akanitazama usoni kwa muda. "Una nini, wifi?"

"Sina kitu."

Mdogo wangu akatusikia. Sijui alielewaje, maana alisema kwa upole, "Basi dada, usiogope. Jumamosi ijayo mimi na mwalimu wa michezo tutatangulia kuipima Shingo. Mvua zimepungua. Tukiona inafaa, Juni mtapita mkiwa mmetulia."

Jumamosi ijayo. Wiki moja. Ananitangulia ili nisiogope.

Nikasema asante.

Jumapili, 16 Mei

Mzee Kalamu anaishi nyumba ya mwisho mtaani kwake, vyumba viwili, na ukuta mzima ni kalamu zake ndani ya mitungi ya jamu. Nilikuwa na mpango wa kijinga: labda kuna picha mpya za eneo lile, nirekebishe karatasi kimyakimya, nimpe mdogo wangu toleo jipya, nisiseme lolote zaidi ya "tumesahihisha kidogo." Yaani nimpe ukweli bila kumwambia kwamba kulikuwa na uongo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Umenenepa, cheo kimekukubali."

Nikamwuliza kuhusu 114. Hata hakuhitaji kukumbuka.

"Ah, ile ya wingu. Picha mpya zilikuja. Miaka kumi na moja sasa, mwaka mmoja kabla sijastaafu. Ziko stoo, sanduku la kijani. Pale ni korongo baya, baya kwelikweli."

"Ulijua?"

"Niliona kwa macho yangu."

"Na hukusahihisha?"

Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeuliza swali la aibu mbele ya wageni. "Ningefutaje? Ulichora vizuri mno, binti yangu. Katika maisha yangu sijaona mistari iliyokutana hivyo. Nilisikitika kuiharibu. Halafu, nani angekwenda huko? Mbuzi?"

Alinisifu! Nimengoja miaka ishirini na mbili mzee huyu anisifu kazi, maana hakuwa mtu wa kusifu, na leo amenisifu, na nilitamani ardhi inimeze. Chai yake sikuimaliza.

Jumatatu, 17 Mei

Sanduku la kijani lipo. Nimeziweka picha mbili chini ya kile kioo chetu cha miguu minne, kinachofanya picha bapa ziinuke. Macho huchukua sekunde chache kuzoea. Kwanza niliona kijivu. Kisha ardhi ikafunguka.

Niliruka nyuma mpaka kiti kikaanguka, na mpiga chapa akachungulia mlangoni kuuliza kama nimeona panya.

Mteremko mpole haupo. Unapanda kutoka kushoto vizuri, kwa nyasi, unakuita kabisa, mpaka hatua ya mwisho. Hapo unakatika. Nimepima mara tatu: mita mia mbili na kumi, wima. Na kwa kuwa nyasi zinafika ukingoni, anayekuja kutoka upande wa mto, upande wetu, hataona kitu mpaka awe amefika. Kukiwa na ukungu hataona hata akifika.

Mstari mwekundu wa mdogo wangu unapita juu yake bila kupinda.

Jumanne, 18 Mei

Nimefika hadi getini kwao nikarudi. Jirani yao amenisalimia mara mbili, ya kwenda na ya kurudi.

Jumatano, 19 Mei

Nimemwambia.

Ilikuwa saa kumi jioni. Alikuwa mezani anasahihisha mtihani uleule, wifi jikoni. Sikukaa. Nilijua nikikaa nitaomba chai, na nikiomba chai imekwisha.

"Jumamosi usiende."

"Kwa nini tena? Goti?"

"Hakuna Shingo. Karatasi ile niliichora mimi. Kulikuwa na wingu kwenye picha, nikaunganisha mistari kwa kubahatisha. Pale ni genge. Mita mia mbili na kumi."

Akacheka. "Acha utani, dada." Nikamwekea picha mezani, juu ya mitihani, nikamwekea na kioo. Akainama. Nilijua kwa mgongo wake alipoliona. Mabega yalipanda yakabaki juu.

Alipoinuka uso wake haukuwa na rangi. Hakuniuliza kuhusu wingu, wala kwa nini nilibahatisha, wala Mzee Kalamu. Aliuliza:

"Umejua lini?"

"Nilipoiona hapa mezani."

"Siku ileile?"

"Siku ileile."

Akahesabu kwa vidole chini ya meza, nilimwona. "Siku kumi na moja."

"Nilitaka kwanza niirekebishe, halafu..."

"Halafu unipe ikiwa imeshaiva." Hakupaza sauti, na hilo liliniumiza zaidi. "Ndivyo ulivyo. Unatupikia habari. Sisi wengine unatuona hatuna meno."

"Nisamehe."

"Lakini umejitahidi, niseme ukweli. Mara ile zilikuwa thelathini na nne, na mwisho wake niliambiwa na jirani kituo cha basi."

Wifi alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Mdogo wangu akaanza kuokota mitihani, mmoja mmoja, na kwa kalamu nyekundu akawa anafuta alama za swali la nne. Niliondoka. Hawakunisindikiza.

Nimekuwa nikijiambia miaka yote hii kwamba nilimficha habari za mama kwa sababu nilimpenda. Leo nimejiona vizuri. Niliogopa uso wake. Ule uso alioufanya leo, ndio niliouogopa tangu siku zile, na kwa kuuogopa nikamnyima mama yake.

Alhamisi, 20 Mei

Kimya.

Jumamosi, 22 Mei

Wifi amepiga simu. Mdogo wangu hakwenda mlimani. Nimekaa sakafuni na simu nikalia kwa furaha, akaningoja nimalize.

"Halali vizuri," akasema. "Ramani ameitandaza palepale, tunakulia jikoni."

"Amesema nini?"

"Wifi, mimi nazalisha watu, sisuluhishi ndugu. Nilijaribu mara moja, mmeona matokeo." Kisha akasema, "Pole," na nikauliza pole ya nini, swali lilelile la kituo cha basi.

Jumatatu, 24 Mei

Nimekwenda kwa mkurugenzi na picha, vipimo na barua ya kurasa mbili. Nimekiri yote. Nilitegemea kufukuzwa. Alisoma, akavua miwani, akanisukumia barua yangu.

"Sijaipokea hii."

"Bosi, watu watakufa."

"Kanuni ya tisa. Karatasi iliyochapwa huondolewa kwa lalamiko la mtumiaji. Mtumishi hawezi kulalamikia kazi ya ofisi, achilia mbali yake mwenyewe. Nikipokea hii, wewe unasimamishwa leo na karatasi inaendelea kuuzwa. Niletee lalamiko la mwananchi, naiondoa siku hiyohiyo." Akavaa miwani. "Miaka ishirini na mbili, kuhusu karatasi hii halijaja hata moja. Wewe huoni ajabu?"

Naona ajabu. Wenye haki ya kulalamika labda wako wodini, au hawakurudi kabisa.

Nimekwenda dirisha la mauzo nikamwomba karani asiiuze 114. Amesema leteni maandishi. Nikazinunua mwenyewe zote zilizokuwa rafuni, kumi na saba. Saa nane mchana stoo wakamletea nyingine hamsini.

Ninayemjua aliyepanga foleni akainunua karatasi ile ni mtu mmoja tu, na siwezi kumwomba kitu.

Jumatano, 26 Mei

Kimya. Jua la kwanza la siku nzima tangu Machi.

Jumamosi, 29 Mei

Jumamosi ya mpango. Nilijiandaa kama vile nakwenda, nikakaa. Saa nne mlango ukagongwa, nikakimbia. Alikuwa wifi, na begi langu la safari mgongoni mwake.

"Kaniambia nikurudishie."

Lilikuwa bado limefungwa kama nilivyoliacha kwao, na kijikaratasi chake cha kilo kumi na moja na nusu. Wifi aliliweka chini, akakataa kuingia, akanikumbatia pale pale kizingitini mpaka kitambaa chake cha kichwa kikaanguka.

Basi, safari imekufa. Sikuweza kulifungua. Limesimama ukumbini nalipita pembeni kama mgeni aliyekuja kudai kitu.

Jumanne, 1 Juni

Nimeandika barua ya pili kwa mkurugenzi. Imerudi saa hiyohiyo.

Alhamisi, 3 Juni

Naandika hii ofisini, mlango nimeufunga.

Fomu za malalamiko hupokelewa na kusainiwa na mkuu wa chumba cha kuchorea, yaani mimi. Tangu nipewe cheo nimepokea tisa, zote za majina ya vijiji. Leo saa tano karani wa dirisha alikuja akasema kuna mwananchi anataka fomu. Nikatoka na daftari la mapokezi.

Alikuwa yeye. Shati la kazini, chaki kwenye mkono, na nyuma yake foleni ya watu sita.

"Habari za kazi, mama," akasema.

Mama! Hajawahi kuniita hivyo tangu azaliwe. Ndivyo tunavyomwita mama yeyote aliyekaa nyuma ya dirisha.

"Salama," nikasema.

"Naomba fomu ya malalamiko."

Nikampa. Akaanza kuijaza akiwa amesimama, kwa kalamu nyekundu.

"Nyekundu hairuhusiwi," nikasema, kwa mazoea tu, na nikatamani kujikata ulimi.

"Nipe yako basi."

Nikampa yangu. Wachora ramani tunajua kusoma kichwa chini, kwa hiyo nilisoma kila neno likiandikwa. Karatasi namba: 114. Aina ya kosa: *Mteremko ulioonyeshwa haupo. Pana genge la mita 210.* Madhara: *Mtu atakufa.* Jina la mchoraji, kama linajulikana. Akaandika majina yangu yote matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni.

Mdogo wangu amekuja kunishtaki, mbele ya karani, mbele ya watu sita, na kwa kalamu yangu. Nikawaza: ni haki yake. Nikawaza pia: karatasi itaondolewa leo. Mawazo hayo mawili yalikaa pamoja na sikujua lipi ndilo lililonitoa machozi.

Likabaki swali la mwisho, lenye mistari minne: *Umegunduaje kosa hili?*

Hapo alisita. Aliweka kalamu mdomoni, akaitazama fomu muda mrefu, mpaka mtu wa pili kwenye foleni akakohoa. Kisha akaandika mstari mmoja, akaigeuza fomu, akanisukumia.

Nilikuwa nimeshausoma kichwa chini. Niliusoma tena wima, kwa kuwa sikuyaamini macho yangu.

*Niliambiwa na dada yangu, kwa kinywa chake mwenyewe, kabla sijaenda.*

Nikatafuta mahali pa kusaini, nisipaone. Kila kitu kilikuwa maji. Akanyoosha kidole chake chenye chaki akaniwekea pale penye mstari.

"Saini, dada. Watu wako kwenye foleni."